Kasha la nyoka wa kwanza: lijenge, liwashe, ndipo ukamchukue mwenyewe

Haupiti mwezi bila simu ya mzazi mmoja, mara nyingi Mswahili mwenzangu wa hapa Leicester au wa Birmingham: "Fundi, mtoto keshanunuliwa nyoka, yumo ndani ya boksi la plastiki, lini utatutengenezea kasha?" Jibu langu huwa lile lile, na leo naliandika ili niache kulirudia kwenye simu. Kasha kwanza. Tena likae limewashwa wiki mbili likiwa tupu, ndipo ukamchukue nyoka.

Mimi ni seremala. Kazi nimeichukua kwa ami yangu Mombasa, milango na makabati ya jikoni, na hapa Uingereza nimejikuta natengeneza makasha ya nyoka: la kwanza la binti yangu, kisha ya rafiki zake, kisha ya watu nisiowajua. Ubao haunipi taabu. Kinachowashinda watu ni joto. Nyoka hatengenezi joto la mwili wake kama sisi, hulifuata. Akitaka kusaga chakula anasogea penye joto, akitaka kupoa anajiondoa. Kwa hiyo kasha lazima liwe na upande wa joto na upande wa baridi, na tofauti ile ikae vile vile kiangazi na majira ya baridi. Ukilipa kasha zima joto moja, umemnyima pa kukimbilia, na nyoka wa namna hiyo huacha kula au huugua.

Nyoka yupi

Kwa anayeanza nina jibu moja: nyoka wa mahindi, yule wa rangi ya chungwa mwenye mabaka mekundu, asili yake kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, hukua mpaka sm 120 au 150, anakula vizuri, na joto likipanda au kushuka nyuzi mbili tatu huvumilia. Wengi huja wakitaka chatu wa kifalme, yule mfupi mnene anayejikunja akawa mpira akiogopa. Ni mpole, na kwa namna fulani ni wa kwetu: porini anapatikana kuanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Lakini anataka joto zaidi na unyevu zaidi, na ana tabia ya kususa chakula miezi kwa miezi, jambo linalowatoa wazazi jasho kuliko linavyomsumbua yeye.

Wa mahindi huishi miaka 15 hadi 20, chatu wa kifalme 20 hadi 30. Mtoto wa miaka 12 leo atakwenda chuo, ataoa, na nyoka bado yuko chumbani kwako. Basi nunua ukijua nyoka ni wako wewe mzazi. Sheria nayo inasema hivyo: hapa Uingereza, sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 inakataza kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16, na inamdai mwenye mnyama ampe makazi yanayomfaa. Hawa wawili niliowataja hawahitaji leseni. Nyoka wa sumu anahitaji leseni ya halmashauri, kwa sheria ya wanyama hatari ya 1976, na mimi kasha la nyoka wa sumu sitengenezi, usinipigie.

Kwa wanaosoma wakiwa nyumbani: Kenya, sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la serikali, na Tanzania vile vile ni kibali kwanza, kwa sheria ya 2009. Usimwokote nyoka shambani ukamtia kwenye kasha, hata awe mzuri vipi. Chatu mkubwa wa kwetu huvuka mita nne, na wa aina hiyo si wa mtu kuanzia.

Mwulize anayekuuzia kama nyoka amezaliwa kwa mfugaji, na risiti uiweke. Ningekushauri uchukue aliyetimiza mwaka, wa sm 60 au 70, badala ya mchanga aliyetoka kwenye yai. Sababu yake ni ya kiseremala na nitaieleza tukifika kwenye vioo.

Ukubwa

Kwa nyoka wa mahindi mzima, au chatu wa kifalme, anzia urefu wa sm 120, kina sm 60, kimo sm 60. Kuna kanuni ya zamani kwamba urefu wa kasha ukijumlisha na kina chake usipungue urefu wa nyoka. Ichukue kuwa ndiyo ya chini kabisa. Nyoka anayeweza kujinyoosha akawa mstari mmoja anatambaa zaidi na hanenepi kupita kiasi.

Utasikia dukani kwamba nyoka mdogo kwenye kasha kubwa hupata hofu akaacha kula. Kinachomtisha ni uwazi. Ukilijaza kasha majani ya plastiki, magome na maficho, hata mdogo anakaa humo bila shida, na hutalipia makasha mawili.

Kuhusu malighafi: tangi la kioo lenye kifuniko cha wavu linapendeza, lakini katika nyumba za hapa, ambapo hita huzimwa usiku na chumba kikashuka hadi nyuzi 15 au 16, joto lote linatokea juu kwenye wavu. Ubao unashika joto. Yako pia makasha ya plastiki ngumu ya PVC, mepesi na hayaogopi maji, na kwa chatu wa kifalme anayetaka unyevu ndiyo ningeyapendelea. Kwa nyoka wa mahindi, ubao wa melamini au plaiwudi unatosha kabisa.

Kulijenga

Ukinunua lililo tayari, ruka sehemu hii, ila soma habari ya vioo na ya matundu ya hewa.

Natumia ubao wa milimita 18. Sakafu na dari ni sm 120 kwa 60. Mbavu mbili zinakaa katikati ya sakafu na dari, kwa hiyo kimo chake ni sm 56.4, si 60. Watu husahau kutoa unene wa mbao mbili. Mgongo naufanya wa plaiwudi ya milimita 9. Makasha ya bei rahisi huja na kadibodi ngumu ya milimita 3 iliyochomekwa kwenye mfereji, na kadibodi ile ikipata maji mwaka mmoja inavimba, inatoka mferejini, na pale kwenye pengo ndipo nyoka anapopitia.

Mbele, chini, weka ubao wa kimo cha sm 10 kutoka mbavu hadi mbavu. Huo unazuia matandiko yasimwagike kila ukifungua. Juu weka mwingine wa kimo hicho hicho, unaficha balbu isikupige machoni ukikaa kwenye kochi. Reli za vioo zinagandishwa kwa gundi juu ya ubao wa chini na chini ya ubao wa juu.

Sasa reli. Zinauzwa jozi, na haziko sawa: ya juu ina mfereji wenye kina zaidi kuliko ya chini. Kioo unakiinua, unakisukuma juu kabisa ndani ya mfereji mrefu, unakiingiza juu ya reli ya chini, kisha unakiachia kishuke. Ukizibadilisha ukaweka yenye kina chini, vioo haviingii kamwe, au vikiingia vinatoka kwa kuguswa. Gandisha reli kwanza, ndipo upime vioo. Usipime kwa hesabu ya karatasi, maana milimita mbili za gundi zinatosha kukuharibia.

Upana wa ndani wa kasha hili ni sm 116.4. Agiza vioo viwili vya milimita 4 unene, kila kimoja upana sm 60.5, ili vipishane kama sm 4 na nusu katikati. Mwambie mkata kioo azisugue kingo zote. Hugharimu kidogo zaidi na vidole vya mtoto vitakushukuru. Na hapa ndipo ile habari ya nyoka wa mwaka mmoja. Kati ya kioo cha mbele na cha nyuma, pale vinapopishana, kuna mwanya wa milimita kadhaa. Nyoka mkubwa hawezi hata kuuona. Nyoka wa mahindi aliyetotolewa juzi ana unene wa penseli, kichwa chake chembamba zaidi, na anapotia kichwa mwili unafuata. Kama umeshamchukua mchanga, mkalishe kwanza kwenye kasha dogo la plastiki lenye vibano na matundu madogo, na hilo nalo lipashwe joto upande mmoja kwa themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, mpaka anenepe.

Matundu ya hewa: toboa mawili chini upande wa baridi, mawili juu upande wa joto, kipenyo cha sm 5 au 6, uyafunike kwa wavu mgumu wa matundu madogo. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, ya baridi inavutwa kuingilia chini, na kasha linapumua lenyewe. Makasha mengi ya dukani yana matundu yote nyuma, kwa kimo kimoja. Ukiliweka limegusa ukuta, hewa imekufa. Acha nafasi ya vidole vinne nyuma.

Viungo vyote vya ndani pitisha silikoni ya matangi ya samaki. Ile ya bafuni ina dawa ya kuua ukungu na haifai kwa mnyama. Silikoni ikikauka hutoa harufu kali ya siki. Kasha likae wazi mpaka ukitia kichwa ndani usisikie chochote. Plaiwudi ipake vanishi ya maji, mikono mitatu, uiachie wiki mbili au zaidi. Nyoka ananusa kwa ulimi, na wengi wao pafu la kazi ni moja. Usimharakishe.

Joto, na kinacholitawala

Hii ndiyo sehemu ya kutumia pesa. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye majani ya plastiki.

Natumia balbu ya halojeni juu, upande mmoja kabisa wa kasha, sm 15 hadi 20 kutoka kwenye ubavu. Joto lake linashuka kutoka juu, linapenya ndani ya nyama ya mnyama, na linapasha jiwe au gome lililo chini yake. Soketi yake iwe ya kauri. Ya plastiki inalainika. Balbu izungukwe na kizimba cha waya kilichokazwa kwa skrubu kwenye dari. Hili halina mjadala. Nyoka atapanda, atajizungusha kwenye kitu chenye joto, na hatatoka hata ngozi ikiungua. Kizimba kiwe kikubwa kiasi kwamba hata akijilaza juu yake asiiguse balbu.

Balbu inaungwa na themostati ya kupunguza na kuongeza mwanga polepole. Ziko za aina tatu na kila moja ina kazi yake. Ya kuwasha na kuzima ni ya mkeka wa joto. Ukiitia balbu itakuwa inawaka na kuzimika mchana kutwa na itaungua upesi. Ya mapigo, inayopeleka umeme kwa vipande vifupi vifupi, ni ya kifaa cha kauri cha kupasha joto kisichotoa mwanga. Ya kupunguza mwanga ndiyo ya halojeni. Mwenye duka akikuambia zote ni sawa, nenda duka lingine.

Sensa ya themostati, kile kipande chenye waya kinachohisi joto, ikae upande wa joto, kwenye kimo anachokaa nyoka, imebanwa kwa klipu ya skrubu. Si kwa utepe wa gundi. Gundi inashika ngozi ya nyoka, na ikiachia sensa ikaangukia nje, themostati itadhani kumepoa, itaiwasha balbu kwa nguvu zote na kumwoka mnyama wako. Kwa sababu hiyo napenda themostati yenye king'ora.

Nyoka wa mahindi: sehemu ya kuota joto nyuzi 30 hadi 32, upande wa baridi nyuzi 22 hadi 24, usiku hata ikishuka 20 ni sawa. Chatu wa kifalme: 32 hadi 34 penye joto, 25 hadi 27 penye baridi, usiku isishuke chini ya 24. Balbu inawaka kwa muda wa saa 12 na kukaa imezimwa saa 12 nyingine, kwa kipima muda cha kuchomeka kwenye soketi ya ukutani. Kama chumba chako ni baridi sana usiku, ongeza kifaa cha kauri chenye themostati yake na kizimba chake. Balbu nyekundu na za buluu za usiku acha dukani, zinamvurugia usiku wake. Mawe ya umeme ya kupasha joto usiyaguse kabisa, yanaunguza tumbo.

Umeme wake si wa kutisha. Balbu ya wati 50 kwa saa 12, hata ingewaka kwa nguvu zote, ni yuniti 0.6 kwa siku. Zidisha mwenyewe kwa bei yako.

Taa ya miale ya UVB nyoka hawa wanaweza kuishi bila yake, lakini mimi nawawekea, ile dhaifu ya wanyama wa kivulini. Ukiweka, iwe na maficho ya kuikimbia, na ibadilishwe kwa muda aliousema mtengenezaji, maana huacha kutoa miale kabla haijaacha kuwaka.

Waya zote zitokee kwenye tundu moja nyuma, uliloziba kwa sifongo au silikoni, na kila waya uning'inie kidogo chini ya soketi ya ukutani kabla ya kupanda kuingia, ili maji yakifuata waya yadondoke sakafuni.

Ndani

Matandiko kwanza. Seremala yeyote atafikiria maranda yaliyojaa sakafuni kwake, ya bure. Usithubutu. Yamechanganyika na vumbi la MDF, gundi, na mbao za msonobari na mwerezi ambazo mafuta yake yanamdhuru nyoka. Nyoka wa mahindi mnunulie maranda ya mti wa aspen, yaliyochujwa vumbi, unene wa sm 7 au 8, atachimba mahandaki humo ufurahi. Chatu wa kifalme anafaa kuwekewa chenga za makumbi ya nazi. Yanauzwa yamegandamizwa kama tofali, unayaloweka kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yanafumka. Mtu wa Pwani aliyekulia kuona makumbi yakifukiwa ufuoni ili yasokotwe kamba atashangaa bei yake hapa. Lipa tu.

Maficho mawili kwa uchache, moja kila upande, yanayofanana. Yakiwa tofauti, atachagua analolipenda hata kama liko upande asioutaka kwa joto. Yawe ya kubana: akijikunja ndani mgongo uguse dari na ubavu uguse ukuta. Pango kubwa linampendeza mnunuzi tu. Kisha ongeza la tatu, boksi la plastiki lenye tundu, ndani umetia kuvumwani iliyolowa na kukamuliwa. Hilo huingia macho yakigeuka meupe-buluu, anapokaribia kujivua ngozi. Ngozi ikitoka kipande kimoja kuanzia mdomoni hadi mkiani, unyevu wako uko sawa. Ikitoka vipande vipande, ongeza, na uhakikishe hakuna iliyobaki machoni au ncha ya mkia.

Nyoka wa mahindi anapanda. Mpe tawi nene lililokazwa kwa skrubu kutoka nje ya ubavu, si la kuegeshwa. Ukiokota tawi la mwaloni au la mtofaa bustanini, lisugue, limwagie maji ya moto yanayochemka, likauke kabisa. Jiwe zito lolote likae juu ya sakafu ya ubao moja kwa moja, matandiko yalizunguke; likikaa juu ya matandiko, nyoka atachimba chini yake.

Bakuli la maji liwe zito asilipindue, na kubwa anaweza kujitia mzima. Lianzie upande wa baridi.

Wiki mbili za kasha tupu

Hapa ndipo watu wanapochoka kusubiri, na mimi ndipo ninapong'ang'ania. Weka vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye waya, kimoja kila upande, na kipima unyevu katikati. Vile vya mviringo vya kubandika kwa gundi vinadanganya. Nunua na bastola ya kupimia joto la juu ya kitu. Unailenga kwenye gome lililo chini ya balbu inakusomea pale pale. Kumbuka inasoma uso wa kitu, haisomi hewa.

Andika asubuhi, adhuhuri na usiku, joto la pande mbili na unyevu. Daftari la shule linatosha. Hii ni kazi nzuri ya kumpa mtoto, na mtoto asiyeweza kuandika namba tisa kwa siku kwa wiki mbili amekujibu swali la nani atamhudumia nyoka.

Kisha soma ulichoandika. Mteja wangu mmoja wa Coventry alinitumia picha ya daftari: upande wa joto 31, safi, upande wa baridi 28. Kasha lake lilikuwa sm 90, balbu wati 100, tena aliiweka karibu na katikati. Themostati ilikuwa inafanya kazi yake pale ilipo sensa, lakini joto lilikuwa limejaa kasha zima. Tuliisogeza balbu pembeni kabisa, tukatia ya wati 50, tukafungua matundu ya chini aliyokuwa ameyaziba kwa kuogopa nyoka atoke. Upande wa baridi ukashuka hadi 24. Nyoka angekuwa ndani siku zile, angeonekana ametulia tu bakulini, na familia ingesema anapenda kuoga.

Kinyume chake nacho kipo: balbu inawaka kwa nguvu zote na sehemu ya joto haivuki 27. Hapo balbu ni ndogo, au iko juu mno. Inua jiwe lililo chini yake kwa kulitegemeza na matofali yaliyokaa imara kwenye sakafu, kabla hujakimbilia balbu kubwa.

Unyevu wa nyoka wa mahindi uwe asilimia 40 hadi 60, wa chatu wa kifalme 55 hadi 75. Ukiwa chini, sogeza bakuli la maji kuelekea penye joto, au mwagia maji pembe moja ya matandiko mpaka chini, juu pabaki pakavu. Ukiwa juu sana na kioo kinatoka jasho, bakuli lirudi baridi na hewa iongezwe. Kunyunyizia maji kila saa kunalowesha juu tu, na nyoka anayelalia unyevu bila hewa hupata vidonda vya magamba ya tumboni.

Siku moja zima umeme wa chumba kwa muda wa saa moja, uone kasha linapoa kwa kasi gani. Ukijua hilo hutababaika umeme ukikatika kweli.

Kufuli

Mke wangu alikubali nyoka kwa sharti moja, nalo ni kufuli, na ufunguo akae nao yeye. Hakukosea. Nyoka anatoka kwenye kasha lisilofungwa, si labda. Anasukuma kioo kwa pua usiku kucha na ana subira kuliko wewe. Kufuli la vioo vya kuteleza hugharimu kidogo na linakaa pale vinapopishana. Kama nyumba ina mtoto mdogo, ni la lazima mara mbili.

Na kama mama mkwe anakuja kutoka Mombasa au Tanga, mwambie kabla hajapanda ndege. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wazee wetu wengi wana jirani au ndugu aliyeumwa kweli. Usimlazimishe kushika, usimcheke. Tundika kitambaa mbele ya kioo muda wote wa ziara. Nyoka hatajali, naye atalala. Wangu siku hizi akipiga simu huuliza "yule mgeni wenu amekula?" lakini jina lake halitamki.

Siku ya kumleta

Mwezi wa kwanza toa matandiko uweke taulo za karatasi nyeupe, maficho na maji tu. Kwenye karatasi utaona mavi yakoje, na utaona utitiri kama upo: punje nyeusi ndogo zinazotembea, nyingi hukutwa zimezama kwenye bakuli la maji. Ukiziona, daktari wa wanyama anayejua reptilia, kabla hazijaingia kwenye viungo vya ubao. Mwulize aliyekuuzia nyoka alikula nini mara ya mwisho na lini, akuandikie.

Siku saba usimshike, usimpe chakula, badilisha maji tu. Chakula chake ni panya wa kugandishwa, unene usiozidi sehemu nene ya mwili wake. Panya ayeyushwe usiku kucha kwenye rafu ya chini ya friji, kisha apashwe joto ndani ya mfuko kwenye maji ya moto ya bombani, na nyoka apewe kwa koleo refu, si kwa vidole. Kwa amani ya nyumba, panya wakae kwenye friza yao wenyewe. Friza ndogo ya mezani ni rahisi kuliko mazungumzo yatakayofuata mtu akiikuta pakiti karibu na nyama ya kuku. Akishakula, saa 48 hashikwi, la sivyo anaweza kutapika. Kila anayemgusa yeye, maji yake au kasha anaosha mikono kwa sabuni, kwa ajili ya salmonela, vijidudu vinavyoharisha, na watoto wa chini ya miaka mitano watazame tu.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Mavi yatolewe siku hiyo hiyo, maji kila siku, matandiko yote kila miezi miwili mitatu. Mara moja kwa mwezi vuta sensa kidogo uone klipu haijalegea, linganisha namba ya themostati na ya kipimajoto kingine, na mulika kwa tochi viungo vya nyuma uone kama silikoni imeachia. Balbu ya akiba ya wati zile zile iwe kwenye droo, kwa sababu halojeni haingoji siku ya kazi kuungua, na Jumapili jioni maduka yamefungwa.